Vua Viatu, Vaa Heshima

Kama bado huna mwenzio, usifunge ukurasa. Haya ya leo yatakufaa siku ya kumchagua.

Kila Juni inapokaribia na msimu wa harusi ukianza kuchanganya, maswali yanayofika mezani kwangu huwa yanafanana. "Dada Mhariri, fungate tunakwenda Unguja, tulale wapi?" "Tule nini?" "Nivae nini ufukweni ili mume wangu asigeuze shingo kutazama wengine?" Hayo nayajibu kwa raha zote. Lakini kuna swali ambalo sijaulizwa hata mara moja: tukifika kwenye msikiti wa kale, tunaingiaje?

Nadhani najua kwa nini haliulizwi. Wengi wetu tunaotoka bara tunaamini taratibu za wageni ziliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Sisi Watanzania bwana, tuko nyumbani, lugha yetu, shikamoo tunaijua, basi tunajipitia tu. Jamani! Utalii hauna rangi ya ngozi. Mtalii ni mtu yeyote aliyefika mahali ambapo maisha ya wenyewe yanaendelea, na yeye amekuja kutazama. Ukitoka Mbeya na kamera yako ukafika Kizimkazi, wewe ni mtalii sawasawa na aliyetoka Roma.

Mimi mwenyewe nimelelewa kanisani, Iringa. Msikitini nimeingia nikiwa mtu mzima, tena kama mgeni. Kwa hiyo leo siongei kama mwenye nyumba, naongea kama mgeni mwenzako.

Msikiti usiojionyesha

Tuchukue msikiti mmoja tuutumie kama mfano. Uko Kizimkazi Dimbani, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Kizimkazi wengi mnaijua kwa mambo mawili: pomboo wanaochezea bahari yake, na kwamba ndiko kwao Rais Samia Suluhu Hassan. Ukitoka mjini unapita Tunguu, ukifika Kitogani unakata kulia kuelekea kusini, na kwa gari ni mwendo wa saa moja na kitu.

Ukiuona kwa nje unaweza kuupita bila kugeuka. Ni jengo dogo la kawaida, paa lake la bati, hakuna cha kumfanya mtu apige kelele. Shughuli iko ndani. Kwenye ukuta wa kibla, ule unaoelekea Makka, kuna mihrabu iliyochongwa kwa jiwe la tumbawe, na pembeni yake maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa zamani uitwao Kikufi, herufi zake zikiwa zimepambwa kwa maua. Maandishi yale yana jina la kiongozi aliyeamuru msikiti ujengwe, Sheikh Abu Imran, na yana tarehe: Mfungo Pili, mwaka 500 wa Hijria. Kwa kalenda yetu ya kawaida huo ni mwaka 1107.

Hebu simama hapo kidogo. Mwaka 1107! Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498, karibu miaka 400 baadaye. Maandishi yale ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika Afrika Mashariki nzima, na wataalamu wameyafananisha na uchongaji wa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Jengo lenyewe kwa sehemu kubwa lilijengwa upya karne ya 18, lakini mihrabu ile ya mwanzo haikutupwa. Waliojenga upya waliitunza, wakaendelea kuswali mbele yake.

Na jiwe lenyewe lina habari yake. Tumbawe linatoka baharini. Mafundi wa pwani waliliopoa likiwa bichi, wakalichonga mapema lingali laini, kwa sababu likishakauka huwa gumu. Ndiyo maana utaona nakshi ndogondogo ambazo kwenye jiwe la mlimani zingemtoa fundi machozi.

Nyumba yenye wenyewe

Sasa sikiliza tofauti ambayo wageni wengi huikosa. Tanzania tuna misikiti ya kale ya aina mbili.

Ipo iliyobaki magofu. Mfano mkubwa ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukapata kuba na nguzo ambazo hata leo ukikaa chini yake unanyamaza wenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifia mji ule. UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikaonekana magofu yale yako hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari baada ya kazi ya kuyaokoa. Pale unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa chombo, unatembea na mwongozaji. Huwakatizi watu swala, lakini adabu iko palepale: usipande kuta, usichonge jina lako na la mpenzi wako kwenye chokaa.

Halafu ipo ambayo haijawahi kugeuka makumbusho. Kizimkazi Dimbani ni wa aina hii. Watu wanaswali. Adhana inapotoka, anayeingia si mtalii, ni mvuvi aliyetoka kuosha miguu, ni mzee wa nyumba ya pili, ni kijana anayerudi dukani. Jengo lina zaidi ya miaka 900 ya historia, na lina Alasiri ya leo pia. Ukilichukulia kama makumbusho tu, umewafuta wenyewe wakiwa wamesimama mbele yako.

Njia rahisi ya kulielewa hili ni kukumbuka ukweni. Siku ya kwanza unapokwenda ukweni huulizi, "Kwani kuna ubaya gani nikiingia na viatu?" Unavua. Huulizi kwa nini baba mkwe ana kiti chake. Hukikalii. Ukipewa maji unapokea kwa mikono miwili, hata kama kwenu mnapokea kwa mmoja. Hujadhalilika hata kidogo. Umeonyesha tu kwamba unajua nyumba ile ilikuwepo kabla yako, na itabaki ukishaondoka.

Basi msikiti wa watu ni ukweni kwa kila mgeni.

Pale mlangoni

Mwaka jana tulikwenda Kizimkazi watu sita, kwenye gari la kukodi. Asubuhi tulikuwa baharini kuwatazama pomboo, tukashuka kwenye boti na chumvi mwilini, tukaenda moja kwa moja msikitini. Kati yetu alikuwemo shoga yangu na mumewe, ndoa yao ilikuwa na miaka minne. Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya na ameniruhusu. Majina nayaacha.

Msimamizi, mzee wa rika la baba zetu, alitupokea ufunguo ukiwa mkononi. Shikamoo zikapita, marahaba ikajibiwa. Akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa upole, "Karibuni wanangu. Ila hapa ni msikitini, jisitirini kidogo."

Sisi wanawake tukafungua mikoba, kanga zikatoka. Shemeji yangu alikuwa na kaptula inayoishia juu ya magoti na fulana ya kukata mikono. Mkewe akamnyooshea kikoi na shati alivyovibeba begini, maana yule dada ni mtu wa kujipanga.

"Mimi nifunge shuka?" Shemeji akacheka. "Mzee, tumetoka mbali, tumelipa gari. Dakika mbili tu, tunapiga picha tunaondoka. Halafu Mungu anaangalia moyo, haangalii magoti."

Mzee hakupandisha sauti. "Hewala, mwanangu. Moyo anauangalia Yeye. Mimi nimepewa kuangalia mlango."

Shemeji akarudi garini, akafungulia muziki. Sisi tukaingia. Mzee akatuonyesha mihrabu, akatusomea tarehe, akatueleza kwa utulivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini shoga yangu alikuwa amesimama mbele ya maandishi ya miaka 900 na macho yake hayakuwa pale.

Jioni, tukiwa wawili barazani, akaniambia neno ambalo bado linanizunguka kichwani: "Unajua, msikiti si wa dini yangu. Kilichoniuma ni kwamba nilimtambua. Vile alivyomjibu yule mzee ndivyo anavyonijibu mimi nikimwambia hapana. Anacheka kwanza. Halafu anasema amelipa. Halafu anamtaja Mungu."

Mpenzi msomaji, nimesomea mawasiliano, na vitabu vingi nimevipitia kuhusu namna watu wanavyosema bila kusema. Lakini sijapata kuona somo fupi kama lile. Mtu yeyote anaweza kuwa mwema pale anapokubaliwa kila kitu. Mjue pale anapokutana na mpaka ambao hakuuweka yeye, uliowekwa na mtu asiyeweza kumlazimisha. Yule mzee hakuwa na askari, hakuwa na risiti, hakuwa na bosi wa kumwita. Alikuwa na ombi tu. Anayelidharau ombi la mzee asiye na nguvu juu yake, kesho atalidharau lako.

Walizungumza usiku ule, mpaka saa nane. Mazungumzo yale ni yao, siyaweki hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba asubuhi yake shemeji alirudi Dimbani peke yake, suruali ndefu mwilini, akamtafuta yule mzee. Mkewe alibaki hotelini. Alisema hiyo ilikuwa safari ya mumewe, si yake.

Kabla hamjatoka hotelini

Haya, tuje kwenye vitendo. Ziara nyingi za Kizimkazi zinaanzia baharini, na hapo ndipo shida huanzia, kwa sababu watu wanashuka botini wameloa na nguo za kuogelea. Pakia begi dogo la nguo kavu tangu asubuhi.

Dada yangu, dawa yako ni kanga, na nasema doti nzima, si kanga moja! Kipande kimoja kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, cha pili mabegani na kichwani. Ndani yake vaa blauzi yenye mikono. Nguo ya kubana chini ya kanga nyepesi ukisimama kwenye mwanga inasema yote, kwa hiyo chagua vizuri. Kaka yangu, suruali ndefu na shati la mikono, basi. Kama una kikoi ni bora zaidi, ni vazi la wanaume wa pwani tangu na tangu na halijampunguzia mtu uanaume.

Angalieni saa. Adhuhuri huingia saa sita na nusu hivi mchana, Alasiri kati ya saa tisa na saa kumi. Muda mzuri kwa mgeni ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, msikiti ukiwa umetulia. Ijumaa mchana msiende kabisa, hiyo ni siku ya swala ya Ijumaa. Na mkiwa kisiwani mwezi wa Ramadhani, kumbukeni wenyeji wamefunga. Chupa ya maji na mhogo wa kukaanga viacheni hotelini, msivitafune mbele ya watu wenye kiu tangu alfajiri.

Msione nayakuza mambo. Mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar ilitangaza faini kwa watalii wanaozurura nusu uchi kwenye mitaa na makazi ya watu. Serikali ikishafika mahali pa kupima urefu wa kaptula yako, ujue adabu ilishashindwa kazi yake muda mrefu.

Mkishafika

Msijifungulie. Hata mlango ukiwa wazi, simameni nje, pigeni hodi, muulizeni msimamizi. Mara nyingi msikiti wa Dimbani hufungwa nje ya nyakati za swala, na mwenye ufunguo anaishi jirani. Inawezekana yuko shambani. Mtamngojea. Mmekuja kuona jambo la miaka 900, dakika 20 haziwaui. Kaeni kivulini, msalimieni kila apitaye, mkubwa kwa shikamoo.

Akifika, acheni yeye atangulie. Ulizeni: "Babu, tunaruhusiwa kuingia?" Na hapa, dada zangu, tuelewane. Kusini mwa Unguja, kwa desturi, wanawake hawaingii kwenye misikiti ya wanaume kuswali. Mgeni wa kike kuruhusiwa kuitazama mihrabu ni hisani aliyopewa, usiigeuze deni. Ukiambiwa leo hapana, jibu ni "Ahsante, babu." Pia kuna lile jambo la siku zetu. Kwa taratibu za Waislamu wengi, mwanamke aliye kwenye siku zake haingii msikitini. Hakuna atakayekuuliza, na hapaswi. Wewe mwenyewe ukijijua, kaa barazani kimya kimya, mwambie mwenzio akupigie picha ya mihrabu kama ameruhusiwa. Hiyo siri yako na Mungu wako, na uungwana wako wenyeji wameupata bila kujua.

Viatu vivueni pale wanapovua wenyewe. Kama miguu ina mchanga, ombeni maji muioshe kidogo. Lakini mahali pa kutawadhia si bafu la kuogea chumvi, wala sinki la kusuuzia ndala. Hilo nimeliona kwa macho yangu sehemu nyingine, na mzee wa msikiti alitazama chini kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Mkiwa ndani

Wenyewe huingia kwa mguu wa kulia na kutoka kwa wa kushoto. Ukifuata umependeza. Simu zima, au iwe kimya kabisa, sauti iwe ya chini. Ukimkuta mtu anaswali, usikatize mbele yake. Subiri amalize au mpite kwa nyuma. Misahafu iliyopangwa pale usiiguse bila ruhusa. Na mihrabu itazame kwa macho tu. Jasho na mafuta ya mikono yetu, vidole maelfu kwa maelfu mwaka baada ya mwaka, vinalila jiwe. Likifutika hakuna fundi wa mwaka 1107 wa kumwita.

Picha ni kwa ruhusa, na ruhusa ya jengo haina maana ya ruhusa ya watu. Mtu akiwa amesujudu hapigwi picha, basi, hata kama mwanga umependeza kiasi gani. Na nyie wa fungate, nawajua! Kushikana viuno, kubusiana, bibi harusi kuegemea ukuta wa kibla ameinua kidevu kama yuko studio: hapana. Mkono wa mumeo utaukuta tena ufukweni, haukimbii. Mkipiga ya kawaida, simameni nje, kwa staha, itapendeza zaidi.

Nje kuna makaburi. Kaburi si benchi la kuvalia viatu, wala njia ya mkato. Zungukeni.

Mkimaliza, sanduku la sadaka lipo. Wekeni kadiri ya uwezo wenu, maana bati halijitengenezi. Mkitaka kumshukuru msimamizi kwa muda wake, mpeni mkononi kwa siri na kwa maneno mazuri, si kwa kumhesabia noti mbele ya watu kama mnamlipa kondakta.

Na mkirudi mjini, msidhani mkishazoea Dimbani basi kila msikiti uko wazi. Mji Mkongwe, ambao nao uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una misikiti ya kale mizuri ajabu, ukiwemo ule wa Malindi wenye mnara unaochongoka kama pia. Mingi ni ya kuswalia tu. Itazameni kutoka nje, mridhike. Kitu kuwa kizuri hakina maana ya kuwa chako.

Wewe wa imani nyingine

Katika safari ile ile alikuwemo binti mmoja, Mkristo, mchumba wa kijana wa Unguja. Ndoa ilikuwa bado inajadiliwa, na si unajua tena wachumba wa dini mbili: kila hatua inasomwa. Pale mlangoni aliniita pembeni, "Dada, nikiingia humu, mawifi hawatasema nimeshasilimu?"

Mzee alisikia, na hakuona vibaya. Akamwambia, "Mwanangu, kusilimu ni shahada unayoitamka mwenyewe kwa hiari yako. Kizingiti hakimsilimishi mtu. Ukitaka kutazama, tazama. Hutaki, baraza hii hapa, kaa upumzike."

Binti akachagua baraza. Mchumba wake akampa simu na viatu amshikie, akaingia, akaswali rakaa mbili za kuuamkia msikiti, akatoka. Hakumuuliza kwa nini hakuingia. Hakununa. Alikaa pembeni yake akaanza kumsimulia maandishi yale yanavyoonekana, herufi na maua yake, mpaka binti akawa anauliza maswali kuliko sisi tuliokuwa ndani.

Nimewaza sana juu ya wawili wale. Heshima ya mahali patakatifu si lazima iwe kuingia. Pengine heshima kubwa ni kukaa nje kwa adabu, ukamwachia mwenzio chake bila kukibeza, na yeye asikuburute. Kama siku moja yule kijana ataketi kanisani kwenye harusi ya shemeji yake, amesimama wanaposimama na kunyamaza wanaposali, hatakuwa amebatizwa kwa kusimama. Atakuwa amemheshimu mkewe hadharani. Wahenga walishasema: heshima si utumwa.

Zungumzeni kabla

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kabla ya kukata tiketi ya boti, kaeni chini wewe na mwenzio mkubaliane mambo matatu. La kwanza: nani atabeba nguo za kujisitiri. Ushauri wangu, kila mtu abebe zake, mwanaume mzima asivalishwe kama mtoto wa chekechea. La pili: mmoja wenu asipopenda kuingia, anabaki nje bila kuulizwa maswali na bila kununiwa. La tatu: mwenyeji akisema hapana, jibu letu sote ni moja, na ni "ahsante".

Msikilize mwenzio anavyoyajibu hayo matatu. Akiyapokea kwa moyo mweupe, mna safari nzuri, na nadhani si ya Unguja peke yake. Akianza kucheka, akakwambia mbona unayakuza, nyie mmelipa, basi usigombane naye. Weka chai, muulize taratibu: ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia hapana na akaipokea? Mazungumzo hayo ni bora yafanyikie sebuleni kwenu kuliko mbele ya mzee mwenye ufunguo.

Uungwana ni vitendo. Kanga mbili begini, hodi mlangoni, ahsante mdomoni. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.